Ubashiri wa Jumanne

Tangu ubashiri wa vipofu wa kiharusi uanze kukubalika kama ushahidi, mpimaji wa kata hufika kwa Nsia kila Jumanne asubuhi kuuandika wa kwake. Macho ya Nsia ni mazima. Kilichokufa ni ile sehemu ya ubongo inayomjulisha anachokiona. Sehemu nyingine bado zinaona, ila hazimwambii.

Leo mpimaji alimketisha Elinami, mume wa Nsia, mbele ya mkewe.

"Dada Nsia, uso wa shemeji ukoje?"

"Naona giza tu."

"Najua. Wewe bashiri."

"Mjibu tu, mke wangu," Elinami alisema kwa ile sauti laini anayoitumia wageni wakiwapo. "Hakuna haraka."

Nsia alikuwa ameshaamua. Mpimaji angemaliza chai yake aende zake. Yeye angebaki humu ndani na Elinami.

"Anatabasamu," alisema.

Kiti cha Elinami hakikusogea. Nsia alisikia kalamu ikiandika kitu kirefu kuliko neno moja, na ndipo alipogundua kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa umeinuka, umeukinga uso.