Utepe wa Mgeni Rasmi

Utepe ulipofungwa kwenye mlango wa maabara ile mpya, wewe ulipiga makofi. Utepe ulipofifia rangi, wewe ukapita umegeuza uso. Usikatae, ulionekana.

Nyamizi, mtafiti, alisimama mbele ya mlango huo, ameshika kichupa chenye punje nyeusi ya oksidi ya shaba na madini mengine aliyoipika mwenyewe tanuruni. Punje hiyo ikipozwa sana hupitisha umeme bila kupoteza chochote, na hakuna ajuaye vizuri kwa nini. Mashine ya eksirei iliyomo ndani ingemwonyesha jinsi elektroni zake zilivyojipanga.

"Mzee Lugendo, nifungulie. Unyevu unaila."

"Mwanangu, mgeni rasmi hajaja kuzindua," mlinzi alijibu.

"Si alisema atakuja kabla ya mvua?"

"Hakusema mvua ipi."

Walicheka wote wawili. Kisha Nyamizi akainua kichupa hadi kwenye kioo cha mlango, kama anayemwinua mtoto amwone baba yake aliye ng'ambo. Pembeni pa punje palikuwa pameanza kuota doa jeupe.

Mkasi wa uzinduzi upo palepale mlangoni, juu ya sinia, umefunikwa kitambaa. Wewe unayesoma, mikono unayo. Kata utepe huo, leo hii.