Kitambaa Ndani ya Tangi

Velma aliingiza mkono ndani ya tangi la oili hadi begani, na vidole vyake vikagusa kitu laini.

Wanawake wa kikundi cha maji walisimama kando ya trekta lao la kuchimba. Walilinunua likiwa limeshatumika, lichimbe mtaro wa mabomba kutoka chemchemi hadi nyumbani kwao. Lakini tangu lifike, mkono wake wa mbele haukuweza kuinua ndoo yake ya kuchotea udongo, hata ikiwa tupu. Mafundi wawili walishasema pampu inayosukuma oili ya kuinua mkono huo imekufa, trekta liuzwe kama vyuma chakavu.

Velma, fundi kutoka Kapsoit, alikuwa ameanza kwa kusikiliza. Pampu ilipiga kelele kama inayonyonya hewa.

"Pampu iko sawa, mama," alimwambia mwenyekiti wa kikundi. "Ni vile haipati oili."

Sasa alivuta polepole. Kikatoka kitambaa kizima cha kupangusia mikono, cheusi, kinachochuruzika oili. Ndicho kilichoziba chujio la oili iendayo kwenye pampu.

"Woi! Nani aliweka nguo huko?" mwenyekiti akauliza.

"Mtu aliisahau, akafunga."

Velma alisafisha chujio, akajaza oili mpya, akawasha injini. Zile kelele hazikusikika tena. Alichota udongo mwekundu hadi ndoo ikafurika, akavuta leva ya kuinulia. Ndoo ikapanda taratibu, ikapita vichwa vyao, ikasimama juu kabisa bila kutetemeka.

Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya mashamba ya chai. Mwenyekiti alikuwa akicheka na kulia pamoja.

"Sasa shusha," alisema. "Halafu uinue tena, nione vizuri."