Mkono wa Mama

Siku ya kwanza ya mafunzo ya wasaidizi wa tabibu, kila mwanafunzi alipandikizwa kidude nyuma ya sikio, kama sheria ilivyotaka. Tangu hapo, aliyemgusa mgonjwa aliyasikia maumivu yake, yaleyale, mahali palepale.

"Mtazoea," mwalimu wao, Kibona, aliwaambia. "Msaidizi asiyejua mgonjwa anaumwaje hatufai."

Tusekile alishinda wodini akishika watu waliovunjika mifupa, akarudi nyumbani hoi. Mama yake, kwa furaha ya kumwona, alimshika mkono kabla hajakumbuka kile kidude.

Maumivu yalimkata Tusekile tumboni hata akapiga magoti. Wodini hakuwa amekutana na kitu kama kile.

"Mama, tangu lini?"

Mama aliuachia mkono upesi. "Tangu mwaka juzi. Hospitali walisema hawana la kufanya. Sikutaka uache masomo kwa ajili yangu."

"Na bado unapika, unafua, unacheka?"

"Sasa nifanyeje, mwanangu? Njoo ule, chakula kinapoa."

Wakala. Tusekile alitamani sana kumkumbatia, lakini mwili ulimgomea.

Asubuhi mama alimsindikiza hadi uani, akanyoosha mkono waagane. Tusekile akavikumbatia vitabu vyake kwa mikono yote miwili.

"Nimechelewa, mama," alisema, ingawa bado ilikuwa mapema.

Alipofika barabarani aligeuka. Mama alikuwa bado ameunyoosha mkono.