Sakafu ya Saipresi

Hapa Kilungu majirani walikuwa wakisema mchwa hula mbao ya saipresi kutoka chini, na juu inabaki iking'aa. Neno hilo lilikataa kunitoka kichwani. Nikamwambia mzee wangu.

"Mama Ndunge, hiyo ni wivu," akacheka. "Wao sakafu ya jikoni yao ni mchanga."

Basi nikaendelea kuosha zile mbao za sakafu ya jikoni yetu kila asubuhi kwa ndoo ya maji, vile nilizoea kuosha simiti.

Jumamosi niliepua sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ikichemka. Hatua ya pili, mbao ikaachilia bila hata kulia, na mguu wangu ukazama kwenye uwazi wa chini ya sakafu mpaka kwenye paja. Vibanzi vikaingia nyamani. Nikivuta mguu, vinazidi kunishika.

Sufuria ilikuwa mikononi. Pa kuiweka hapakuwa, kwa sababu mbao zote karibu nami zilikuwa zinabonyea.

Ndunge wangu akaja akitambaa, akicheka, akidhani mama amekaa chini wacheze.

"Ndunge, rudi! Baba Ndunge, kuja umchukue mtoto!"

Mzee alikuwa shambani. Mtoto akashika sketi yangu, akaanza kusimama.

Kitambaa nilichoshikia sufuria kikateleza. Sufuria ingemwagikia yeye au mimi. Nikaivuta kwangu.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Usimwage maji kwenye mbao laini. Panguza na kitambaa kilichokamuliwa.
Usipigilie mbao bila dawa ya mchwa.
Usipike chakula mtoto akiwa sakafuni.
Na jikoni, usivae sketi ya nailoni; yangu iliganda kwenye ngozi iliyoungua.