Kuuandaa Ufuko

"Hizo nepi zipeleke kwenye mkokoteni," mwenyekiti wa kamati alisema, akigeuza uso pembeni. "Mgeni mkuu hawezi kukutana na nepi."

Muuza samaki alizishika kwa ncha za glavu, akazipeleka kwenye mkokoteni wa dampo uliosimama juu ya mchanga mkavu. Kisha akachukua gunia lake na kuendelea upande wa mawe. Wanafunzi wenzake wa darasa la bahari walikuwa wametapakaa ufuko mzima, migongo imepinda, kila mmoja na gunia lake.

Mwalimu wao alikuwa anachora mstari mchangani kwa fimbo, polepole, kama alivyofanya kila kitu.

"Usiku maji yatafika hapa," alisema. "Chini ya mstari huu kisionekane hata kizibo. Na mifuko laini ndiyo ya kuangalia zaidi. Kasa akiuona mfuko majini anadhani ni yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini, anaumeza."

Walilijua hilo. Alikuwa amewafundisha katika chumba kilicho nyuma ya zahanati, chini ya picha za samaki alizozichora kwa mkono wake. Humo watu wazima walijifunza kwamba changu mdogo akiachwa atazaa, na kwamba tumbawe ni kiumbe hai, si jiwe la kujengea. Muuza samaki alikuwa amefika mbali zaidi ya wote: siku hizi aliwakatalia wavuvi samaki wachanga, akiwatolea na hotuba juu yake.

Sasa wafadhili wa darasa walikuwa wamepiga simu. Kesho wangekuja wenyewe kushiriki siku ya usafi wa ufuko. Wakiondoka bila kuridhika, darasa lingefungwa. Tangu simu hiyo mwalimu hakuwa amepata usingizi wa maana. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka.

Mwenyekiti, ambaye ni kaka wa mke wa mwalimu, alikuwa amelala vizuri tu. Aliwahi kuhudhuria somo moja, akatoka kabla halijaisha, na hotuba ya kesho kuhusu darasa ilikuwa tayari kichwani mwake. Alipita huku na huku na fulana mpya yenye picha ya pomboo, akiinua simu yake kupima picha zitakavyotoka.

"Hapa ndipo watakaposimama," aliwaambia. "Pasitutie aibu."

Juu ya mawe kulikuwa na kipande cha wavu uliochakaa. Mwalimu alipouona alisimama. Alitaka uondolewe kabisa, kwa sababu samaki akiingia kwenye wavu wa namna ile hatoki, na wavu hauchoki kuvua hata kama hauna mwenyewe.

"Shemeji," mwenyekiti alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "mgeni mkuu lazima aokote kitu kinachoonekana. Utampa kijiti cha pipi?"

Mwalimu baadaye alirudi peke yake, akaufunga wavu kwenye jiwe kwa fundo, halafu kwa fundo jingine.

Mlinzi wa dampo, aliyewaazima mkokoteni kwa shingo upande, alikuja tena kuuliza kama ni kweli kesho jioni kila kitu kitakuwa dampo. Aliahidiwa tena. Aliondoka akitikisa kichwa.

"Mwanangu," muuza samaki alimwambia mwalimu, akijinyoosha kiuno, "samaki wakituona leo watauliza hawa wamepatwa na nini."

"Ni kwa ajili yao, mama."

"Najua. Ndiyo maana sitaki waniulize mimi."

Jua lilikuwa linazama na mkokoteni bado ulikuwa na magunia yaliyojaa. Watu walianza kuvua glavu. Mwenyekiti aliutazama ufuko kutoka mwanzo hadi mwisho, akaridhika, akatangaza kwamba kwa leo inatosha.

Mwalimu, kwa mazoea, aliinama na kuokota chupa iliyokuwa miguuni pake.

"Irudishe hapo hapo, shemeji," mwenyekiti alisema. "Na magunia yaliyobaki tutayamwaga kesho alfajiri, kabla wageni hawajaja kuokota."