Kiatu cha Kulia

Ndani ya banda la video watu walikuwa wakicheka tangu filamu ianze. Bastola zilikuwa za mbao na damu ilikuwa na rangi ya juisi ya rozela. Mwajabu alikaa benchi la nyuma, amepakata kiatu kimoja cha raba.

Kwenye skrini, jambazi alikimbia juu ya paa la ghala. Akateleza, kiatu cha kushoto kikamvuka, akaanguka bila kupiga kelele.

"Hapo wamechemsha!" akasema fundi baiskeli aliyekaa mbele. "Mtu gani anaanguka kimya kama gunia?"

"Hela iliisha, bwana. Kelele wangezilipia na nini?" mwenzake akajibu, na banda zima likacheka.

Jambazi yule alikuwa Kibwe, mume wa Mwajabu. Aliambiwa akimbie tu, asianguke. Maiti yake ililetwa nyumbani ikiwa na kiatu kimoja, na kipande kile kikaachwa ndani ya filamu.

"Kaka Shemdoe," Mwajabu alimwita mwenye banda, "naomba urudishe nyuma kidogo, pale anapoanguka."

"Dada naye anataka kucheka tena!" akasema fundi baiskeli.

Shemdoe akarudisha. Kibwe akapanda kutoka chini, kiatu kikamrudia mguuni, akasimama juu ya paa, mzima.

"Simamisha hapo."

Picha ikatulia. Muda ukapita, watu wakaanza kunung'unika.

"Niiachie iendelee, dada?" Shemdoe akauliza, kidole kikiwa kwenye rimoti.

"Bado," alisema Mwajabu.