Mizani Iliyowaka Upesi

Umeme ulikatika ukarudi, na mizani ya watoto pale zahanati ikawaka papo hapo. Yusta, aliyeiunda, alikuwa amekuja kuona inavyofanya kazi.

"Mtoto amepungua tena," muuguzi alimwambia Mama Limi mbele ya foleni nzima. "Hivi unamlisha kweli?"

Mama Limi aliinamisha kichwa.

Yusta aliiangalia namba ile, akajua ilikotoka. Chipu inayogeuza uzito kuwa namba hutakiwa kusubiri umeme utulie, ianzishwe upya, ndipo isome; la sivyo hutoa namba ya uongo. Kusubiri huko alikuwa amekuondoa mwenyewe, ili wanunuzi waisifu mizani yake kwa kuwaka upesi. Angeweza kuirekebisha kimyakimya baadaye, watu wakishaondoka.

"Zima kwanza, dada," alimwambia muuguzi. Akaiwasha, akasubiri kidogo, akabonyeza kitufe cha kuanza upya. "Mpime sasa."

Mtoto alikuwa ameongezeka.

"Kosa ni langu," Yusta alisema. "Mizani hii nimeiunda mimi. Nisamehe, mama."

Muuguzi alijifanya anapanga kadi. Mama Limi alimfunga mtoto mgongoni taratibu.

"Mama mkwe anataka kuninyang'anya huyu, anasema namuua kwa njaa," alisema. "Twende ukamwambie na yeye."

Yusta alimfuata. Walipofika, mama mkwe alikuwa uani akianua nguo za mtoto. Yusta alivua viatu, akasimama juani, akaanza: "Shikamoo, mama. Mizani iliyosema mtoto amepungua niliiunda mimi."